Mgeni Mwenye Jina la Baba

Arusha, 12 Machi 1995

Kwa dada yangu mpendwa Milembe,

Nakusalimu wewe, mama na watoto wako. Mimi huku ni mzima, wasiwasi wangu ni juu yenu na hiyo palizi. Mama anaendeleaje? Bado anakisukuma chakula pembeni kama alivyoanza siku tulipomzika baba? Mwambie akila hata nusu sahani nitamletea blanketi zito la huku kwenye baridi. Asipokula nitalileta vilevile, ila nitakuwa nimenuna.

Kazi nimepata. Siku hizi serikali imelegeza, kila mwenye Landrova anafungua kampuni ya kupeleka wazungu mbugani, na Mzee Joakim naye amefungua yake. Ana Landrova moja na nusu, maana ile ya pili haina injini. Kazi yangu ni kusimama karibu na Mnara wa Saa, kuwasalimu watalii vizuri na kuwaleta ofisini. Kiingereza cha Mwalimu Mhoja kimenifaa, ingawa nimegundua wazungu wenyewe hawakijui vile alivyotufundisha.

Shida ni kwamba pale mtaani hatusimami peke yetu. Dada, ungeona watu wanavyoingizwa mjini mchana kweupe. Yupo anayemfuata mgeni na kumwambia, "Rafiki, umenisahau? Mimi ndiye mpishi wa hotelini kwako." Mgeni anaona aibu kwamba amemsahau mtu, anauliza, "Ah, pale hoteli fulani?" Naye anajibu, "Hapo hapo." Kwisha kazi. Jua halijazama, mpishi ana mtoto mgonjwa na mgeni ameshatoa hela ya dawa. Yupo mwenye karatasi ya mchango wa shule ambayo haijapata kujengwa. Wapo wanaobadilisha dola uchochoroni, wanakunja noti katikati ili moja ihesabiwe mbili, na ukishtuka mwenzao anapiga kelele kuwa polisi wanakuja, mnatawanyika. Wapo wanaouza vipande vya chupa kama tanzanaiti. Kuna hata mmoja amepata kofia ya askari, anadai pasipoti barabarani.

Wageni wangu nawaambia hayo yote kabla hawajatoka ofisini. Fedha badilisheni dukani, siku hizi ni halali. Anayetaka pasipoti mwambieni mwende naye mpaka kituoni. Kabla ya kulipia safari, lioneni gari kwa macho yenu. Na huyo anayesema anawajua, msimtajie hoteli, mwacheni aitaje yeye. Mwongo hawezi kuanza, ni lazima umwanzishie. Hili la mwisho nimeligundua mwenyewe na najivunia. Wazungu wakirudi kwao wanaambiana: ukifika Arusha mtafute Ngassa. Juzi alikuja mama mmoja na begi lake mgongoni, ananiulizia kwa jina. Mzee Joakim anasema nikiendelea hivi atanisomesha udereva. Hapa mjini sina shamba wala ng'ombe, nina hilo jina tu, na linanilisha.

Mdogo wako,
Ngassa


Mwamapalala, 9 Julai 1995

Kwa mdogo wangu Ngassa,

Mhola? Sisi tupo, tunashukuru Mungu. Usinune kwa kuchelewa kwangu, pamba haikuniachia hata kidole cha kushika kalamu. Mwaka huu chama cha ushirika hakinunui peke yake. Wamekuja wanunuzi kila mmoja na lori lake na mzani wake, na kila mzani unasema la kwake.

Nina habari ambayo ilinitoa machozi, ya furaha lakini. Kwenye lori moja kulikuwa na kijana wa kupakia marobota. Tulisalimiana pale kwenye mzani kama tunavyosalimiana sisi, mtu na ukoo wake, na ikawa anaitwa Luhaga. Unasikia, Ngassa? Luhaga. Jina la baba, na ukoo ni huo huo. Amelelewa Shinyanga mjini, wazazi wamekufa. Ningefanyaje? Nilimleta nyumbani. Unajua kwetu mtu akibeba jina la marehemu anapewa heshima ya marehemu.

Mama alikuwa amelala. Alipolisikia jina alikaa. Akacheka, akamwita "mume wangu," kama bibi anavyomtania mjukuu, akamwuliza kwa nini amechelewa hivyo kurudi. Yule kijana hakuchekelea kijinga. Akasema, kama mtoto kwa mama yake, "Njia ilikuwa mbaya, Mayu." Basi mama akaomba ugali. Alikula, Ngassa, alikula akamaliza na kulamba vidole, na tangu siku hiyo anakula.

Sasa Luhaga anataka kuja huko kutafuta kazi. Nimempa anwani yako na gunia la michembe ya mama, vile viazi vikavu. Najua wewe mjini umekuwa mtu wa kuchungulia kila mtu meno, lakini huyu mpokee bila maswali. Ni mdogo kwako kwa umri, hata hivyo mwite baba. Ukimwita hivyo mama atasikia huku.

Dada yako,
Milembe


Arusha, 27 Agosti 1995

Dada Milembe,

Salamu kwako na kwa mama. Afya yangu ni nzuri. Mgeni amefika salama, na michembe imefika nusu, nusu ameila njiani. Nikamwambia baba wa kweli naye asingefika na gunia zima.

Nimempokea kama ulivyotaka. Siku ya kwanza kumwita baba ulimi ulikwama. Ana umri wa Mboje wa shangazi, amevaa kaptula, nami nimesimama mbele yake namwamkia, "Mwadila, baba." Lakini nilipokwisha kusema nilitamani kulisema tena. Dada, sikujua kwamba nimemkosa baba kiasi kile.

Ni mwepesi wa kushika mambo. Ninakwenda naye mtaani, anasikiliza ninavyosema na wageni, ananiuliza kila neno la Kiingereza, mpaka namna ninavyocheka. Matapeli wote nimemwonyesha, mmoja mmoja, na kazi zao. Nimemweleza na mbinu zangu za kuwakwepesha wageni. Anasema, "Kwa hiyo wazungu wanaliamini jina lako tu?" Nikamwambia ndiyo, jina tu. Nilijisikia mtu mkubwa.

Mdogo wako,
Ngassa


Mwamapalala, 22 Oktoba 1995

Ngassa mdogo wangu,

Hujambo? Huku ni kampeni za uchaguzi tu, kila chama kipya kina spika yake na hakuna anayeleta mvua. Mama ni mzima na amenenepa.

Luhaga alikuja wiki iliyopita, ametuletea ile sukari na kanga mbili ulizotutumia. Wabeja sana. Mama kanga yake amekataa kuivua hata kwa kufua. Luhaga amekaa siku chache, amekarabati paa la banda, jioni anakalia kiti cha baba na mama anamsimulia habari za zamani. Nikiwasikia nje nasahau kidogo kwamba baba hayupo. Umefanya vizuri kumtunza.

Dada yako,
Milembe


Arusha, 14 Januari 1996

Dada,

Mama hajambo? Mimi mwili ni mzima.

Sikutuma sukari. Wala kanga. Luhaga alihama kwangu mwezi wa tisa, akasema amepata kibarua Moshi. Nilinyamaza nisikuudhi.

Kabla ya Krismasi walikuja mzee mmoja na mkewe kutoka Ulaya, watu wazima kabisa, wameweka akiba miaka mingi waje waone tembo. Rafiki yao aliwaambia wamtafute Ngassa. Walipotoka hotelini asubuhi wakamkuta Ngassa mlangoni. Alicheka kama mimi. Akawaonya kuhusu wabadilishaji wa uchochoroni, akawaonya kuhusu karatasi za michango, akawaambia wasitoe pasipoti. Maneno yangu, dada, kwa mpangilio wangu. Akawapeleka wakaione Landrova, ya Mzee Joakim, ikiwa imeegeshwa na ofisi imefungwa kwa chakula cha mchana. Wakamlipa safari nzima. Kesho yake walikaa kwenye ngazi za hoteli na mabegi yao tangu alfajiri mpaka adhuhuri, wakimtetea kwa mhudumu kwamba labda gari limeharibika.

Polisi wakaja kunichukua mimi. Yule mama aliniangalia akasema si huyu. Mumewe akasema hana hakika. Waliniachia, lakini Mzee Joakim hakunirudisha kazini. Anasema hata kama si mimi, ni jina langu. Nimemwaga unga.

Naomba unijibu swali moja, na usirembe maneno. Siku ile kwenye mzani, kabla hujajua anaitwa nani, ni nani alitaja jina la baba kwanza? Wewe au yeye?

Mdogo wako,
Ngassa


Mwamapalala, 18 Februari 1996

Ngassa,

Salamu. Barua yako nimeisoma shambani.

Nilikuwa mimi. Aliniamkia, akaniuliza, "Na wewe ni wa nani, dada?" kama mtu yeyote anavyouliza. Ningekataa kujibu? Tangu tukiwa watoto tunafundishwa kumtaja baba na ukoo kabla ya jina letu wenyewe. Nikasema mimi ni wa Luhaga, nikataja ukoo, nikamwambia na kwamba amefariki. Akavua kofia. Akasema, "Dada, usitanie. Luhaga ni mimi." Ndivyo ilivyokuwa. Nilimwanzishia mwenyewe, na nilimkabidhi kila kitu kwa adabu nzuri kabisa.

Sijui kama kwako wewe neno langu lina maana tena. Nina aibu ambayo haina mahali pa kuiweka.

Na lipo baya zaidi. Yuko hapa. Alirudi baada ya mwaka mpya, anasema safari hii atakaa alime nasi. Ninamwandalia maji ya kuoga. Ninapoandika yuko nje na mama, wanacheka.

Dada yako,
Milembe


Arusha, 3 Machi 1996

Dada Milembe,

Nakusalimu. Sikulaumu kwa lile la mzani, hata mimi niliyekuwa nawafundisha wazungu nilimlaza kitandani kwangu. Achana na hilo, sikiliza hili.

Nimezungumza na Mzee Joakim. Si mtu mbaya. Anasema huyo kijana akikamatwa huko na kukiri mbele ya polisi wa Bariadi, na habari ikafika kituo cha huku kwamba siye mimi, ataniita kazini na atakwenda mwenyewe mahotelini kunisafisha. Lakini iwe kabla ya Pasaka, maana baada ya hapo anaanza kujiandaa na msimu na ataajiri mwingine.

Huna haja ya kusafiri wala kupigana na mtu. Nenda kwa Mihayo, kamanda wa sungusungu. Mwambie maneno mawili tu: mgeni wetu ni tapeli. Watampeleka kituoni. Mwambie wasimpige, nasema kweli, sitaki apigwe. Nataka tu aseme jina lake.

Pale hotelini sasa wamebandika tangazo mapokezi. Nimelisoma mwenyewe kupitia dirishani. Limeandikwa: Wageni wanaombwa wasiongozane na wabadilishaji fedha wa mitaani, wauza mawe, wala mtu anayejiita Ngassa. Wameniweka wa tatu. Watalii wakiniona wakasikia jina wanavuka barabara. Dada, mimi nilikuwa nawalinda hawa watu. Nisaidie.

Mdogo wako,
Ngassa


Mwamapalala, 5 Mei 1996

Mdogo wangu Ngassa,

Natumaini bado uko hai na mzima. Pasaka imepita, kwa hiyo unajua tayari kwamba sikufanya. Nitakueleza tu ilivyokuwa, sikuombi unielewe.

Nilikwenda kwa Mihayo, nikafika mpaka uani kwake. Mkewe Felisita akanipa kigoda, akaniuliza mama anaendeleaje. Nikasema anakula. Basi hilo neno likanifunga mdomo. Tukaongea habari za viwavi vya pamba, nikarudi.

Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu mama alizidiwa kifua. Mimi peke yangu ningefanya nini? Luhaga alimfunga kwenye baiskeli kwa zile kanga, akasukuma na mimi nikishika nyuma, mpaka hospitali. Alikaa naye huko kuliko nilivyokaa mimi. Nikiwa natazama nilikuwa namchukia, na nilikuwa namshukuru, na nilitamani baiskeli imwangukie yeye tu.

Tuliporudi nikaamua kumwambia mama. Nilimwambia yote, wazee wa watu walioketi na mabegi, tangazo la hotelini, wewe kufukuzwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Unadhani sijui? Nilikaa na Luhaga miaka arobaini. Huyu hata ukoo hajui kuutaja vizuri. Nilijua siku aliyoingia."

Nikamwuliza, basi kwa nini, Mayu? Akasema, "Wewe uko shambani tangu asubuhi. Ngassa yuko Arusha. Huyu ananiamkia. Ananiuliza nimeota nini." Nikamwambia lakini amemharibu mwanao. Akasema nikuandikie uje. Uje umwite Luhaga baba mbele yake yeye mama, mara moja tu, ili nyumba iwe nzima akiiangalia, halafu tufanye tunavyotaka akishakufa. Nilimkasirikia mama, Ngassa, kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima. Lakini nimekuandikia, kwa sababu ameomba, na hali yake si nzuri.

Dada yako,
Milembe


Arusha, 2 Juni 1996

Milembe,

Barua yako nimeipata.

Mwambie mama sitamwita. Huyo mtu amechukua jina la baba, amechukua jina langu, sasa anataka na sauti yangu. Mama amemchagua mwizi kwa kuwa anamwuliza ameota nini. Mimi nani ananiuliza? Na wewe umeketi kwenye kigoda cha Felisita ukaongea habari za viwavi.

Naondoka hapa. Ninakokwenda nitatumia jina jingine, hili limeoza. Usiniandikie kwa anwani ya Mzee Joakim, hazitanifikia, na nyingine sikupi.

Ngassa


Mwamapalala, 25 Agosti 1996

Mdogo wangu Ngassa,

Ulinikataza kuandika kwa anwani hii na sina nyingine. Naandika hivyo hivyo. Labda Mzee Joakim anajua mtu anayekujua.

Popote ulipo nakusalimu. Mama amefariki, Jumanne ya tarehe 13. Simu ya maandishi nilikupigia kutoka Bariadi kupitia ofisi hiyo hiyo. Tulikungoja siku nzima ya Jumatano, na Alhamisi wazee wakasema haiwezekani tena.

Siku zake za mwisho alikuwa hasemi sana. Kila akisikia baiskeli alikuwa anageuza kichwa kwenye mlango. Luhaga akiingia alikuwa anamtazama tu, halafu anatazama nyuma yake kama kuna mwingine anakuja.

Kaburini mzee aliuliza mwanamume wa nyumba hii ni nani atupe udongo wa kwanza. Watu wote wakanitazama mimi. Akatoka Luhaga, akainama, akatupa. Alilia, Ngassa. Nilimtazama usoni kwa karibu kabisa nikashindwa kujua kama analia kweli, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua. Matanga hayajaondolewa akatoweka na maksai wawili wa kulimia. Hapo ndipo nilipokwenda kwa Mihayo nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Sungusungu walifuata kwato hadi Shishiyu, mvua ya ghafla, isiyo ya msimu, ikazifuta.

Nilikuwa na ndugu mmoja na nilikuwa na muda wa kumwokoa, nikaogopa kumwona mama anakataa chakula. Sasa sina mama wa kumpikia. Njoo nyumbani. Hapa bado unaitwa Ngassa.

Dada yako,
Milembe


Mererani, 8 Septemba 1996

Kwa dada yangu Milembe,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini wewe na watoto hamjambo, na mama zaidi. Mimi ni mzima, ila nakohoa vumbi. Niko machimboni, nabeba mifuko ya udongo kutoka shimoni. Huku wananiita Marcelo. Wakiita mara mbili tatu ndipo nakumbuka kugeuka.

Nisamehe kwa ile barua ya mwezi wa sita. Niliiandika nikiwa na njaa na hasira, na nilipoiposti tu nikatamani kuingiza mkono ndani ya sanduku niitoe. Ulikuwa peke yako na mgonjwa na mimi nakudai ushujaa. Mwaka mzima nimelilia jina langu. Huku shimoni nimekaa na watu ambao hawana hata wa kuwaita kwa jina lolote, na nimewaza sana. Mama ameishi na maumivu yake bila kumdai mtu kitu. Kaomba kimoja tu, na si kikubwa. Neno lenyewe nilishalisema bure chumbani kwangu, tena kwa moyo. Nitashindwa kulisema kwa ajili yake?

Nimeomba ruhusa, nitakuwa njiani wiki ya kwanza ya mwezi ujao. Yule mwambie asitoroke, sitamfanya kitu wala sitamtaja kwa Mihayo. Akae karibu na mama, kwenye kile kiti, mlango wazi. Nitaingia nitainama, nitasema "Mwadila, baba," kwa sauti ya kutosha ili mama asikie hata kama masikio yamechoka. Usimwambie mama siku ninayofika, asije akakesha. Mwambie tu kwamba nimekubali.

Mdogo wako,
Ngassa